Panya wa maabara na presha ya kurithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikisema kwamba nimewahi kufanya kazi ya kupima presha za panya, watu hucheka kwanza, halafu huuliza. Maswali karibu ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mahali pengine nimerefusha kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na pengine mstari mmoja unatosha.

Kwani panya naye ana presha?

Anayo. Mnyama yeyote ambaye moyo wake unasukuma damu kwenye mishipa ana shinikizo la damu. Panya mkubwa wa maabara asiye na tatizo huwa na namba ya juu, ile ya moyo unapokaza, ya kati ya milimita 110 na 130 za zebaki hivi. Haiko mbali na ya mtu mzima mwenye afya, ingawa moyo wa panya hupiga mara 300 na zaidi kwa dakika. Kuanzia hapa, nikitaja presha ya panya nina maana ya hiyo namba ya juu.

Ila panya wa kawaida haugui presha hivi hivi kama watu wanavyougua. Ndiyo maana ilibidi wenye presha watafutwe na wazalishwe kwa makusudi.

Ni panya hawa hawa wanaotafuna magunia?

Kwa asili, ndiyo, ni jamaa zao. Panya wa maabara ametokana na panya wa kahawia anayeishi mitaroni na kwenye maghala, ila amefugwa na kuchaguliwa kwa vizazi vingi hadi akawa mpole. Wengi ni weupe wenye macho mekundu.

Kiswahili hutupa shida kidogo hapa, maana neno “panya” linabeba wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa: yule mkubwa wa gramu 300 au 400, na yule mdogo wa gramu 25 au 30. Makala hii inamhusu mkubwa. Ukisoma habari iliyoandikwa tu “watafiti wamejaribu kwa panya”, hujui ni yupi, na kwa habari za presha tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa nini mkubwa, na si yule mdogo ambaye jeni zake zinachezewa kila siku?

Kwa sababu ya ukubwa na kwa sababu ya historia. Mshipa wa panya mkubwa unaingiza mrija, figo yake inaweza kuhamishwa kwa upasuaji bila miujiza, na damu unayochota haimmalizi. Wanaosoma moyo, figo na mishipa walimzoea yeye mapema, wakamjua tabia zake.

Ubaya wake ulikuwa kwenye jeni. Kwa miaka mingi yule mdogo ndiye pekee aliyeweza kuondolewa jeni moja iliyochaguliwa, na mkubwa akaachwa nyuma. Mwaka 2009 ndipo panya wakubwa wa kwanza walioondolewa jeni kwa kulenga kwa vimeng'enya vya kukata DNA walipotangazwa. Siku hizi pengo hilo limezibika kwa kiasi kikubwa.

Panya wa kwanza wenye presha ya kurithi walitoka wapi?

Hapa majina mawili hayakwepeki: Kozo Okamoto na Kyuzo Aoki, wa Kyoto, Japani. Kabla yao, mtu aliyetaka mnyama mwenye presha alilazimika kumsababishia. Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Harry Goldblatt, aliyebana mshipa wa kupeleka damu kwenye figo za mbwa na kutangaza matokeo yake mwaka 1934. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inakuonyesha presha ya mshipa uliobanwa, wakati wagonjwa wengi wa presha hawajabanwa chochote. Wao presha imewajia tu, na mara nyingi kwa wazazi wao ilikuwepo.

Okamoto na Aoki walifanya jambo ambalo mfugaji yeyote wa mbuzi angelielewa. Kwenye kundi la panya wa Wistar, aina ya panya weupe wa maabara, waliokuwa wakifugwa Kyoto waliona dume mmoja ambaye presha yake ilikuwa juu kuliko wenzake bila kufanyiwa lolote. Wakampandisha kwa jike ambaye presha yake nayo ilikuwa juu kidogo ya wastani. Kwenye watoto wakachagua wenye presha kubwa zaidi, wakawapandisha wao kwa wao, kaka kwa dada, na kwenye wajukuu wakafanya vivyo hivyo. Vizazi vichache tu vilitosha kupata ukoo ambao kila mtoto hupanda presha akikua. Waliutangaza mwaka 1963, na kifupi chake, SHR (kwa Kiingereza spontaneously hypertensive rat, yaani panya anayepata presha mwenyewe), ndicho kinachotumika hadi leo duniani kote.

Mtoto wa SHR hazaliwi na presha ya kutisha. Huanza kupanda akiwa na wiki 5 au 6, umri ambao kwa panya ni kama ujana unaanza, na akikomaa hufika 180 hadi 200. Baada ya hapo moyo hunenepa kuta, mishipa midogo hukaza, na mwisho wa safari wengine moyo hushindwa. Mwenendo huo wa kupanda polepole bila chanzo kimoja kinachoonekana ndio uliowafanya madaktari wa binadamu wamtazame kwa makini.

Kupandisha kaka na dada si kuharibu kizazi?

Kwa shamba la mifugo, ni hatari. Kwa maabara, ndilo lengo lenyewe. Kila kizazi cha kaka na dada hupunguza tofauti za jeni, na desturi ya kazi hii ni kwamba baada ya vizazi 20 mfululizo ukoo unahesabiwa kuwa safi: panya wake wote wanafanana kijeni karibu kama mapacha wa yai moja.

Faida yake ni hii. Ukiwa na panya 10 waliofanana jeni zote na mmoja presha yake ikawa tofauti, huwezi kusingizia urithi. Kuna kitu kwenye chakula, joto, kelele au mkono wa mpimaji. Kinyume chake, ukiwa na koo mbili safi zinazokula chakula kimoja katika chumba kimoja na presha zao zikapishana kwa 60, sasa unaweza kuanza kuulizia jeni. Kwa watu huwezi kufanya hivyo. Familia moja hurithishana jeni, lakini hurithishana na chungu pia, kwa maana wanakula chumvi ile ile.

Chumvi inaingia wapi?

Inaingia kwa Lewis Dahl. Alikuwa daktari katika maabara ya taifa ya Brookhaven, New York, na alikuwa ameshawishika kwamba chumvi ndiyo mzizi wa presha. Alipowalisha panya wa kawaida chakula cha chumvi nyingi sana, aliona wengine presha inapaa na wengine hawajali kabisa, ingawa walikula kilekile. Mtu mwingine angeandika wastani wa kundi zima na kuendelea na kazi yake. Dahl akawatenganisha: waliopaa akawapandisha na waliopaa, wasiojali na wasiojali.

Mwaka 1962 yeye na wenzake walitangaza kwamba ndani ya vizazi vichache tu makundi hayo mawili yalikuwa yameachana wazi. Moja linaumizwa na chumvi, la pili linaihimili. Baadaye John Rapp aliyasafisha kwa kupandisha ndugu mpaka yakawa koo kamili.

Ninawapenda panya wa Dahl kuliko wote kwa sababu wanazima ubishi wa “ni jeni au ni chakula?”. Mpe panya wa Dahl chakula cha chumvi kidogo, na presha yake haitakushtua. Mpe chakula chenye chumvi asilimia 4 au 8, na ndani ya wiki chache figo zake zinaanza kuharibika. Ndugu zake wanaohimili chumvi hula chakula hicho hicho na kubaki salama. Kwake yeye jeni peke yake haitoshi, na chumvi peke yake haitoshi.

Presha inakaa wapi hasa? Moyoni?

Hili ndilo swali ambalo panya wamelijibu vizuri kuliko mnyama mwingine yeyote, na jibu lilinishangaza nilipolisikia mara ya kwanza.

Fikiria una panya wawili kutoka koo mbili, mmoja wa presha na mwingine asiye nayo. Unatoa figo za mmoja na kumwekea za mwingine, halafu unangoja majuma. Nani atapanda? Kama presha inaendeshwa na moyo, mishipa au ubongo, panya mwenye ukoo wa presha ataendelea kuwa nayo hata akipewa figo nzuri. Kama inaendeshwa na figo, presha itahama pamoja na figo.

Ilihama. Mwaka 1974 Dahl na wenzake walionyesha hivyo kwa panya wao wa chumvi, na mwaka huo huo kundi la Giuseppe Bianchi lilionyesha vivyo hivyo kwa ukoo mwingine uliozalishwa Milan. Aliyepewa figo kutoka ukoo wenye presha alipanda, na aliyetoka ukoo wenye presha akapewa figo za ukoo tulivu alishuka. Baadaye hata kwa SHR matokeo yalielekea huko huko.

Maelezo yake ni ya kifundi kidogo lakini yanaeleweka. Figo ndiyo inayoamua chumvi na maji kiasi gani vitoke na kiasi gani vibaki. Figo ya kawaida presha ikipanda kidogo hutoa chumvi na maji zaidi, ujazo wa damu unapungua, presha inarudi. Figo ya ukoo wenye presha ni kama mlango wenye bawaba ngumu: haifunguki mpaka isukumwe kwa nguvu zaidi. Mwili basi hupandisha presha ili kazi ya kutoa chumvi ifanyike. Presha kubwa inakuwa gharama ambayo mwili unalipa ili usijae maji.

Mwaka 1983 ilitangazwa habari ya wagonjwa 6 ambao presha yao ilikuwa imeua figo zao. Walipopandikizwa figo kutoka kwa watu wasio na presha, presha zao zilishuka na kubaki chini kwa miaka. Watu 6 ni wachache, lakini walikuwa wamefuata njia ambayo panya walikuwa wameshaipita.

Isitafsiriwe kwamba ubongo na mishipa havina kazi. Kwa SHR neva zinazoamsha mwili ziko macho kupita kiasi tangu ujana, na homoni za renini na angiotensini zinachangia. Hata kinga ya mwili imo: mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba panya wa Dahl aliyeondolewa jeni inayohitajika kutengeneza seli fulani za kinga hapandi sana akila chumvi, na figo zake haziharibiki sana.

Mnampimaje panya presha? Mnamfunga mkono?

Tunamfunga mkia.

Njia ya zamani, na bado ya kawaida, ni hii. Panya anaingizwa kwenye mrija wa plastiki unaomtosha, pua mbele na mkia nje. Chini yake kuna sehemu ya joto, kwa sababu mkia wa panya ndio kipoozeo chake. Akiwa na baridi, mshipa wa mkia hujifunga na kipimo hakisomi kitu. Unavisha kipete cha mpira kwenye shina la mkia, na mbele yake kihisio cha mapigo. Kwenye skrini unaona mawimbi madogo ya haraka. Unapuliza kipete, mawimbi yanatoweka, unaachia hewa taratibu, na pale yanaporudi ndipo unaposoma namba.

Kwenye karatasi ni kazi ya dakika 2. Kwa kweli panya hugeuka, hukojoa, huvuta mkia, hunusa jasho la mgeni kwenye glavu zako. Usipomzoesha mrija kwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha kwanza, unachopima ni hofu. Nilipoanza nilipata namba za juu mno kwa panya ambao hawakupaswa kuwa na presha kabisa, wiki nzima, mpaka mwenzangu mzoefu aliposimama mlangoni, akanisikiliza, akasema, “Unapiga mluzi.” Nilikuwa napiga mluzi bila kujua. Nilipoacha, namba zikashuka.

Njia bora ni kipimo cha kupandikiza: mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa mkuu wa tumboni chini ya dawa ya usingizi, na kifaa kidogo cha kurusha mawimbi ya redio kinabaki ndani ya tumbo. Panya akipona anarudi kwenye kizimba chake, anakula, analala, anacheza, na presha inasomwa usiku na mchana bila mtu kumgusa. Hapo ndipo unapoona kwamba presha ya panya hupanda usiku, kwa kuwa usiku ndio mchana wake. Anayepima saa 4 asubuhi kwa kipete cha mkia anampima mnyama aliyeamshwa usingizini. Kifaa ni ghali na kinahitaji upasuaji, kwa hiyo kipete hakijafa. Ila ukiona utafiti unaodai dawa imeshusha presha kwa 8 tu, na kipimo kilikuwa cha mkia, shika breki.

SHR analinganishwa na nani?

Swali zuri kuliko linavyoonekana, na limewaadhibu watafiti wengi.

Jibu la mazoea ni WKY, kifupi cha Wistar-Kyoto, ukoo uliotokana na panya wale wale wa Kyoto ambao SHR walichaguliwa kutoka kwao, lakini wenye presha ya kawaida. Inasikika safi: ndugu wawili, mmoja ana presha, mwingine hana, kwa hiyo tofauti yoyote kati yao ndiyo presha.

Si hivyo. SHR walifika Marekani mwaka 1966 wakiwa tayari wamezalishwa ndugu kwa ndugu vizazi kadhaa. WKY walipelekwa baadaye, mwaka 1971, na wakagawiwa kwa wafugaji mbalimbali kabla ukoo haujasafishwa. Kila mfugaji akaendeleza tawi lake. Mwaka 1987 Theodore Kurtz na Curtis Morris walitoa onyo kwamba WKY wa mfugaji mmoja hawafanani na wa mwingine, hata kwa ukuaji na presha. Jina moja, wanyama tofauti.

Shida ya pili ni ya kimantiki. Koo mbili zilizotenganishwa kwa miaka mingi hupishana kwa mambo mengi yaliyotokea kwa bahati tu: rangi ya utando fulani, kiasi cha kimeng'enya fulani, tabia. SHR ni mchangamfu na hatulii hata kidogo, hadi wanaosoma ugonjwa wa watoto wasiotulia nao wanamtumia. Je, kutotulia huko ndiko kunaleta presha? Huwezi kujua kwa kuweka SHR na WKY ubavu kwa ubavu. Kwa maoni yangu, nusu ya makala za zamani zinazosema “SHR ana kitu hiki zaidi ya WKY, kwa hiyo kitu hiki kinaleta presha” zingewekwa kando bila hasara.

Basi mnathibitishaje kwamba jeni fulani inahusika?

Kwa kuulizia wajukuu. Unampandisha mwenye presha na asiye nayo. Watoto wao wote huwa mchanganyiko nusu kwa nusu, na presha zao huangukia katikati. Watoto hao ukiwapandisha wao kwa wao, wajukuu ndio wanaochanganyika kila mmoja kivyake. Unampima kila mjukuu presha, halafu unasoma DNA yake kipande kwa kipande ukiuliza: hiki kakipata kwa babu mwenye presha au kwa bibi asiye nayo? Kama wajukuu wenye kipande fulani cha babu ndio wenye presha kubwa tena na tena, kuna kitu ndani ya kipande hicho. Hapo ile tabia ya kutotulia, kama haihusiki, inatawanyika kwa wajukuu bila kufuatana na presha.

Mwaka 1991 vikundi viwili, kwa wakati mmoja, vilitumia njia hii kwa panya wa tawi la SHR linalopata kiharusi (nitalieleza chini), vikakuta eneo zito kwenye kromosomu ya 10. Karibu na hapo kuna jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini, kile kile ambacho dawa za presha kama kaptoprili hukizuia. Msisimko ulikuwa mkubwa. Mwaka uliofuata jeni hiyo ilipotafutwa kwa familia za watu wenye presha, haikufuatana na presha yao. Ni somo ambalo uwanja huu umelirudia zaidi ya mara moja.

Baada ya kupata eneo, kazi ngumu huanza. Unaweza kuhamisha kipande hicho tu kwenda ukoo mwingine kwa kupandisha na kurudisha kizazi baada ya kizazi, au kuhamisha kromosomu nzima. Mfano ninaoupenda ulifanywa Wisconsin: panya wa Dahl alibadilishiwa kromosomu ya 13 pekee, akapewa ya panya wa Brown Norway, ukoo mwingine wa maabara usio na presha, na kila kitu kingine kikabaki cha Dahl. Alipolishwa chumvi, presha haikupaa kama ya ndugu zake. Panya ana jozi 21 za kromosomu. Kubadilisha moja kukaleta tofauti kubwa hivyo. Mnyama huyo akawa pia mlinganisho safi kuliko WKY, kwa sababu unajua hasa anatofautiana wapi.

Kwa hiyo jeni ya presha imepatikana?

Hakuna jeni ya presha, kuna jeni nyingi. Mfano wa Cd36 unatosha. Mwaka 1999 iligunduliwa kwamba SHR ana hitilafu kwenye jeni hiyo inayobeba mafuta kuingia kwenye seli, na ikaonekana mshukiwa mzuri. Mwaka huo huo watafiti wengine wakaangalia SHR waliobaki Japani, ukoo wa asili, wakakuta hawana hitilafu hiyo, na presha wanayo vile vile. Kwa hiyo haiwezi kuwa chanzo cha presha ya SHR wote. Hadithi haikuishia hapo: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba jeni hiyo ikifanya kazi kidogo ndani ya figo, presha inaongezeka. Hitilafu hiyo inachangia kwa wale walio nayo. Ndivyo jeni nyingi za presha zilivyo.

Kwa watu, utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ukihusisha zaidi ya watu milioni 1 ulifikisha maeneo ya DNA yanayohusishwa na presha kuwa zaidi ya 900. Kila moja linasukuma kidogo mno. Panya husaidia kuuliza eneo fulani linafanya nini ndani ya mwili, jambo ambalo orodha ya majina haikuambii.

Kuna panya wanaopata kiharusi?

Ndiyo. Ni tawi la SHR lililotangazwa mwaka 1974 na Okamoto, Yamori na Nagaoka. Madume wengi wa tawi hili hupata kiharusi, na wakinyweshwa maji ya chumvi hupata mapema zaidi.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Malezi hayabadilishi chochote?

Yanabadilisha. Vitoto vya SHR vikichukuliwa siku ya kuzaliwa na kunyonyeshwa na mama wa WKY, vikikua presha huwa chini kuliko ya ndugu zao waliobaki kwa mama yao. Hazifiki kawaida, lakini zinapungua. Maziwa, namna mama anavyolamba na kukaa na watoto, vyote vimetajwa.

Chakula nacho. Panya wa Dahl waliolishwa chakula cha nafaka wameonekana kuharibika figo kidogo kuliko waliolishwa chakula chenye protini ya maziwa, hata chumvi ikiwa sawa. Kwa hiyo maabara mbili zinaweza kununua ukoo ule ule, zikafuata hatua zile zile, na kutofautiana kwa sababu ya mfuko wa chakula uliosimama kona ya chumba. Siku hizi nikisoma makala za Dahl, jina la chakula ndilo ninalolitafuta kwanza.

Majike wanatumika?

Wanapaswa. Majike wa SHR hupanda pia, lakini chini ya madume, na kwa miaka mingi madume pekee ndio waliopimwa ili “kurahisisha”. Urahisi huo uliacha nusu ya swali bila jibu.

Kuna dawa iliyotoka kwa panya hawa?

Dawa nyingi za presha zimepitia kwa SHR kabla ya kumfikia mgonjwa, ila jambo la kuvutia zaidi ni lile lililogonga mwamba. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba SHR wachanga wakipewa dawa ya kuzuia kimeng'enya cha angiotensini kati ya wiki ya 6 na ya 10, kisha wakaachishwa, presha yao hubaki chini kwa muda mrefu bila dawa. Kama vile umemkatiza mtu kwenye njia panda na akasahau alikokuwa anaelekea.

Je, vijana wa familia zenye presha wangetibiwa hivyo? Jaribio moja kubwa lililotangazwa mwaka 2006 liliwapa dawa ya kandesatani kwa miaka 2 watu wazima ambao presha yao ilikuwa inakaribia mpaka. Wakiwa kwenye dawa, wachache zaidi walivuka mpaka. Miaka 2 baada ya kuacha, tofauti ilikuwa bado ipo lakini imenyauka. Panya alikuwa ametibiwa akiwa balehe. Watu hao wengi walishapita huko.

Si ukatili?

Maumivu yapo, na sitasema hayapo. Panya aliyezalishwa ili apate kiharusi atapata kiharusi. Kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959 ndizo zinazoongoza kazi hii: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, boresha anavyotunzwa. Kwa presha, seli kwenye sahani hazina figo, neva na mishipa vinavyojibizana, kwa hiyo kubadilisha bado ni kugumu. Kupunguza kunawezekana. Kipimo cha kupandikiza kinatoa namba sahihi kutoka kwa panya wachache, na kundi la kulinganishia lililochaguliwa vizuri linaokoa wengine. Utafiti uliopangwa ovyo ndio ukatili ninaoweza kuuonea hasira bila kusita, kwa sababu wanyama wale wamekufa na swali halijajibiwa.

Wazazi wangu wote wawili wana presha. Panya hawa wananiambia nini?

Kwamba umebeba uwezekano mkubwa zaidi, na kwamba haijulikani wewe ni wa upande gani kwenye chumvi mpaka upimwe presha kwa miaka. Hakuna kipimo cha jeni kitakachokupa jibu hilo leo kwa presha ya kawaida ya kifamilia. Yapo magonjwa machache ya jeni moja, lakini ni nadra na daktari huyashuku kwa dalili zake, kama presha kubwa inayoanza utotoni. SHR wote hupanda kwa sababu walichaguliwa wapande. Wewe hukuchaguliwa na mtu. Pima presha ukiwa umetulia, na usipimwe mara moja tu.

Nikisoma “dawa yaponya presha kwa panya”, niulize nini?

Ukoo gani? Waliolinganishwa nao ni nani, na walitoka kwa mfugaji gani? Walipimwa kwa mkia au kwa kifaa cha ndani, na saa ngapi? Dawa ilianza kabla presha haijapanda au baada ya kupanda? Mara nyingi utakuta ilianza kabla. Na mgonjwa anayeketi mbele ya daktari yeye presha yake imeshapanda.